Kesho Twaenda au Hatuendi? Mitumbwi, Mafuriko na Maji ya Mombasa Bara

Maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe, hasa wenye mitumbwi, waongoza watalii, wavuvi na vijana wanaopenda kupiga kafi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wakazi wote wa kaunti.



Swali la leo ni fupi, na kila masika huulizwa Ijumaa jioni kwenye fuo za Junda, Mishomoroni, Mtongwe na Port Reitz: kesho twaenda au hatuendi? Mara nyingi anayeuliza ni mwenye mtumbwi, na anayemuuliza ni kijana wake wa kazi. Wote wawili hutazama juu. Wakiona nyota, safari ipo. Wakiona wingu zito, safari huenda isiwepo. Mazungumzo haya yanahusu kwa nini kutazama juu hakutoshi, na nini kitazamwe badala yake.

Tuseme kuna safari kama hii. Wageni 8 kutoka Nairobi wameagiza kupelekwa Jumamosi asubuhi kwa mitumbwi na kayaki kutoka Junda, wapite katikati ya mikoko, wapande hadi karibu na mahali Mto Kombeni unapoingia kwenye mkono wa bahari wa Tudor, kisha warudi wale samaki. Malipo ya awali yameshatumwa kwa simu, na nusu yake imeshanunua samaki, mchele na nazi. Ni mwezi wa Mei. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, lakini Ijumaa jioni imekatika, na Jumamosi alfajiri anga ni safi. Wageni wamefika saa kumi na mbili u nusu, wamevaa kaptura, wanacheka. Mmoja anasema wametoka mbali na treni ya kurudi ni kesho yake. Kila mtu ufuoni ana sababu ya kutaka safari iwepo.

Hakuna mjinga katika mfano huu. Mwenye mtumbwi amekulia majini, anaijua kila njia ya mikoko. Tatizo ni kwamba anachokitazama, yaani anga la Junda, hakina habari anayoihitaji. Habari hiyo iko Mariakani.

Mito miwili mikubwa inayomwaga maji kwenye mkono wa Tudor, Kombeni na Tsalu, huanzia upande wa Mariakani, kilomita 32 hivi kaskazini magharibi mwa mji. Ni mito ya msimu. Kiangazi mtu anaweza kuvuka sehemu zake kwa miguu na kujiuliza kwa nini inaitwa mito. Lakini eneo linaloleta maji kwenye Kombeni ni kama hekta 45,000, na la Tsalu ni kama hekta 10,000. Jumla yake ni kilomita mraba 550 hivi za vilima, mashamba, barabara na mapaa ya mabati, na zote zinateremkia mahali pamoja. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu kwa usiku mmoja wa masika, inapoanguka kwenye kilomita mraba moja tu huwa ni tani 50,000 za maji. Si yote yanayofika mtoni. Ardhi hunywa kiasi. Lakini siku ya nne ya mvua ardhi imeshashiba, na inayofuata huteremka karibu yote.

Maji hayo hayafiki papo hapo. Huchukua saa kadhaa. Kwa hiyo mvua iliyonyesha Mariakani Ijumaa usiku, watu wa Junda wakiwa wamelala chini ya nyota, ndiyo inayoingia mikokoni Jumamosi asubuhi jua likiwaka. Anga safi la Jumamosi halikudanganya. Aliyekosea ni aliyelitafutia jambo lisilomo.

Upande wa Changamwe na Likoni hali ni hiyo hiyo kwa mito mingine. Mto Mwache huleta maji ya Kwale hadi Port Reitz. Wanaokumbuka El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka pia kilichoipata mikoko ya Mwache: tope liliteremka kwa wingi hata likafukia mizizi ya kupumulia, na miti ikafa ikiwa imesimama. Mto wenye nguvu ya kubeba tope la kuua msitu hauwezi kushindwa na kayaki ya plastiki.

Hayo ni maji yanayoteremka. Sasa kuna maji yanayopanda na kushuka, na hapa ndipo wakazi wa pwani wana elimu ambayo vitabu vingi vya wageni havina. Kila mvuvi anajua kwamba bamvu hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku chache baada yake maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi wa nusu huleta maji mafu. Siku za bamvu hapa Mombasa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, urefu wa dari ya chumba.

Jambo ambalo watu wachache hulikalia wakalipigia hesabu ni saa. Siku za bamvu, maji ya Mombasa hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na nusu alfajiri, na hupwa karibu saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi. Katika saa hizo sita maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hushuka kidogo, ya pili zaidi, na ya tatu na ya nne ndizo kali: nusu ya maji yote huondoka katika saa hizo mbili. Saa ya tano hupungua, ya sita karibu yatulie. Ukihesabu kutoka saa kumi na nusu alfajiri, saa hizo mbili kali huanguka kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa mbili u nusu asubuhi.

Wageni wetu wamefika saa ngapi? Saa kumi na mbili u nusu. Huo ndio wakati ambao safari nyingi huanza, kwa sababu jua halijachoma na upepo haujaamka. Katika siku za kawaida, kuanza saa hiyo wakati wa bamvu ni kazi ngumu tu: utapiga kafi dhidi ya maji, utachoka, utafika umechelewa. Katika siku ya mafuriko hali hubadilika kabisa, kwa sababu maji ya Mariakani na maji ya bamvu yanatoka pamoja, kwa mlango mmoja, kwa saa moja.

Mlango huo ni mwembamba. Mkono wa Tudor ni mpana kule ndani, mikoko imetanda pande zote, lakini maji yake yote hutoka baharini kwa kupita chini ya Daraja la Nyali na kisha katikati ya Mji wa Kale na Mkomani, mbele ya Fort Jesus. Mtu aliyepoteza kafi Junda anasukumwa kuelekea huko. Na kama kusi imeanza kuvuma, inakutana na maji yanayotoka, na mkutano wa upepo na mkondo unaopingana hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, mabaya kwa chombo kidogo kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu. Wavuvi wa Mkomani wanayajua vizuri na hawayapendi.

Wengine husema, basi tungoje maji yaanze kujaa, yatazuia mto. Ni kweli kwamba yatauzuia. Hayaufuti. Maji ya mvua huendelea kuteremka, yakakuta mlango umefungwa na bahari, yakapanda juu ya mikoko na kuingia kwenye nyumba za chini. Hapo uso wa maji unaweza kuonekana umetulia kama bakuli la chai. Bahari inapoanza kushuka tena, yote yaliyokusanyika hutoka. Aliyeingia wakati wa utulivu huo bila kujua ataupata mkondo akiwa mbali na nyumbani.

Na kuna mikoko yenyewe. Watalii huja kuiona, na ni mizuri kweli. Lakini katika maji ya kasi, mizizi yake ni kifumbu. Kila aliyewahi kukuna nazi anajua kifumbu kinavyofanya kazi: tui hupita, machicha hubaki. Maji ya mafuriko hupita kati ya mizizi, na mtumbwi hubaki, na mtu hubaki. Anakwama ubavuni kwa mizizi na maji yanamsukuma kwa mgongo bila kupumzika. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Mtu mwenye mikono ya kubeba magunia bandarini hawezi kujikwamua hapo, na jaketi la kuokoa maisha, ambalo ni lazima kulivaa, halimsaidii sana akishabanwa. Hatari kama hiyo ipo kwenye nyavu zilizotegwa, nguzo za gati na magogo yaliyokwama. Waongozaji wengi huogopa kina, na wanapoona maji ni ya kiuno husema hapana shida. Watu wengi hufa katika maji ambayo wangeweza kusimama ndani yake kama yangekuwa yametulia.

Kuna waliokuwa wakifikiri kwamba mambo haya ni ya watalii na michezo. Tarehe 28 Aprili 2024 yaliwakuta watu waliokuwa wakisafiri tu. Mto Tana ulikuwa umefurika ukaikata barabara kati ya Garissa na Madogo, sehemu ya Kona Punda. Gari halikupita, kwa hiyo wananchi wakawa wanavushwa kwa boti, juu ya mahali ambapo wiki chache kabla walipita kwa basi. Siku ile boti moja ikapinduka katikati ya mkondo. Video yake ilisambaa nchi nzima, na waliokuwa ng'ambo walisikika wakipiga mayowe. Msalaba Mwekundu ulisema watu 23 waliokolewa. Wengine hawakuokolewa.

Hakuna aliyepanda boti ile kwa ajili ya burudani. Walikuwa na safari zao, na boti ndiyo iliyokuwa njia. Lakini ile boti ilikuwa ikipita juu ya barabara, na barabara iliyofunikwa na mto si sawa na mto. Ina kingo, mitaro, alama za barabarani na mahali ambapo lami imeng'olewa, na maji hubadilisha mwelekeo ghafla juu ya kila kimoja. Nahodha wa mtoni hana ramani ya mahali kama hapo. Wakati wa mvua za El Niño za Novemba 2023, baadhi ya mitaa ya Mombasa nayo iligeuka mito, na vijana wakaonekana wakivusha watu. Nia ilikuwa njema. Maji yaliyo juu ya mtaro wa Kisauni ni ya kina kisichojulikana, na mtaro wenyewe unavuta.

Siku chache baada ya Kona Punda, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu upande wa Tanzania, karibu na Mafia. Wavuvi wa pwani ya Kenya walishauriwa wasiingie baharini. Kimbunga hakikufika Mombasa kwa nguvu zake, na baadaye wengine walilalamika kwamba walipoteza siku za kazi bure. Malalamiko hayo yanaeleweka; siku moja bila kazi kwa mvuvi ni siku moja bila unga. Lakini onyo hutolewa kabla ya jambo, na kabla ya jambo hakuna anayejua litageuka upande gani.

Mwingine atasema: ni hapo tu, si mbali. Wazee wa Likoni hawahitaji kuambiwa tena habari za tarehe 29 Aprili 1994. Feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, ikiwa imeondoka tu gatini, pwani ikionekana, na watu 272 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, hayakuwa mafuriko. Inatajwa hapa kwa sababu ya hiyo "hapo tu". Walioizama walikuwa wakiiona nchi kavu.

Basi hebu turudi Ijumaa jioni, kwa sababu ndio wakati wa kuamua. Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa wamesimama na mikoba yao, uamuzi huwa mgumu mara kumi.

Jambo la kwanza ni simu moja kwenda Mariakani, Mazeras au Rabai. Hakuna familia ya Kisauni isiyo na shemeji, mjomba au rafiki wa matatu upande huo. Swali ni moja: mvua ilinyesha huko leo, na jana? Wa Port Reitz na Likoni apige simu Kinango au Kwale. Simu hiyo ni ya shilingi chache, na ina thamani kuliko kutazama anga usiku kucha. Pamoja nayo, isomwe taarifa ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa kila siku na maonyo ya mvua kubwa, upepo na mawimbi. Ikiwa kuna onyo la mvua kubwa kwa pwani, hakuna haja ya kuendelea na maswali mengine.

La pili ni tarehe ya mwezi na saa ya maji. Majedwali ya maji kujaa na kupwa huchapishwa kila mwaka kwa bandari ya Kilindini, na mzee yeyote anayehesabu mwezi atakwambia bila jedwali. Ikiwa ni bamvu na mvua imenyesha bara, safari ya asubuhi haipo. Si kwamba iahirishwe kwa saa moja. Haipo. Ikiwa ni maji mafu na bara kumekauka siku mbili, kuna nafasi ya kuzungumza.

Kisha mfike ufuoni Jumamosi, kabla ya wageni, na kuyatazama maji yenyewe kwa muda. Maji ya mkono wa Tudor siku njema yana rangi ya kijani iliyofifia. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba udongo wa bara. Povu la kahawia, matawi yenye majani mabichi, mashina ya migomba, chupa nyingi za plastiki: hayo ni mambo ambayo mto umeyaokota njiani, na nyuma yake huja magogo ambayo huelea nusu yamezama na hayaonekani mpaka yamegonga.

Chomekeni kijiti ukingoni, maji yanapoishia, na mkitazame kwa nusu saa. Hiki ni kipimo kizuri ambacho hakina gharama. Kama saa ya jedwali inasema maji yanapwa na kijiti kinaonyesha hayashuki, au yanapanda, basi kuna maji yanayoingia kutoka juu kwa kasi kuliko bahari inavyoyatoa. Hapo hakuna la kujadili.

Kipimo cha mwisho ni kumbi la nazi. Pimeni hatua ndefu 10 kandokando ya maji, karibu mita 10. Tupeni kumbi palipo na mkondo, si pembezoni, na mhesabu sekunde hadi lifike mwisho. Jani halifai, maana upepo hulisukuma. Kumbi lililolowa huelea likiwa limezama nusu na huenda na maji. Likichukua sekunde 10, mkondo unaenda mita 1 kwa sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa. Mgeni asiyezoea kafi hupiga kilomita 4 au 5 kwa saa akiwa na nguvu zake zote, na nguvu hizo hazidumu. Kwa hiyo kumbi la sekunde 10 lina maana kwamba mgeni amebakiwa na karibu hana kitu. Likichukua sekunde 7, anarudi nyuma huku akipiga kafi. Kwa watu wa kukodi, kwa familia na kwa watoto, sekunde 20 ndicho kiwango cha kustahimilika, na hata hapo iwe karibu na ufuo.

Haya yote ni rahisi kuyajua. Kugumu ni kusema "hatuendi" wakati pesa zimeshaliwa.

Hapo ndipo safari nyingi huharibika, na ni haki kulizungumza bila haya. Mwenye mtumbwi ana ada ya shule ya kulipa. Akikataa, jirani yake mwenye mtumbwi atakubali, na wageni watahamia kwake, na wiki ijayo watamsifu yule mwingine kwa rafiki zao. Kumwambia mtu wa namna hiyo "usalama kwanza" ni maneno matupu kama hakuna lililobadilika katika hesabu yake. Yapo yanayoweza kubadilika. Malipo ya awali yapokewe kwa sharti linalosemwa siku ya kuagiza, si siku ya safari: masika, maji ndiyo yenye neno la mwisho, yakikataa, siku itabadilishwa, au pesa zitarudishwa isipokuwa za chakula, na chakula kitaliwa ufuoni. Wageni wengi hukubali sharti walilolijua mapema na hukasirikia lile la ghafla. Pia waongozaji wa ufuo mmoja, kupitia kikundi chao cha BMU, wanaweza kukubaliana alama moja: kijiti kikipita hapa, hakuna chombo cha abiria kinachotoka, cha nani wala nani. Hapo anayekataa hapotezi wateja kwa jirani, kwa sababu jirani naye amekataa.

Na ndani ya kundi lenyewe, iwe kwamba mtu mmoja akisema hapana inatosha, hata akiwa kijana mdogo kuliko wote. Kwenye vyombo vya zamani nahodha alikuwa na amri yote, na hilo lilifaa majahazi. Katika mtumbwi wa kukodi, nahodha ndiye mwenye pesa mfukoni. Mara nyingi kijana anayekumba maji kwa kopo ndiye wa kwanza kuona kwamba leo maji si yale, naye hunyamaza kwa adabu. Adabu njema, lakini si hapo.

Husemwa pia kwamba wazee walivuka bila simu wala majedwali. Ndiyo, na tena wazee walikaa nchi kavu siku nyingi kuliko vijana wa leo. Kusi ilipokuwa na nguvu, majahazi yalivutwa juu yakapakwa mafuta na kushindiliwa pamba kwenye nyufa, na miezi ikapita. Wala maji ya leo si yao kabisa. Bara kulikuwa na miti zaidi na mabati machache; mvua ilichukua muda kufika. Siku hizi hufika haraka na kwa pamoja.

Likoni na Changamwe kuna jambo la ziada. Maji ya Kilindini na Port Reitz ni njia ya meli. Meli haiwezi kusimama wala kukwepa mtumbwi, na katika mvua nahodha wake huenda asiuone. Mtumbwi unaosukumwa na mafuriko ya Mwache huishia kwenye njia hiyo hiyo. Anayevua upande huo masika asiende peke yake.

Chombo kikipinduka, la kwanza ni kukaa upande wa juu wa mkondo, chombo kikiwa mbele. Mtumbwi uliojaa maji una uzito wa mamia ya kilo, na aliye mbele yake hubanwa kati yake na mti. Kama chombo kimetoroka, mtu alale chali, miguu mbele na juu, aelekee ukingoni kidogo kidogo kwa mshazari. Asijaribu kusimama katika maji ya kasi. Mguu ukinasa kwenye mizizi, mkondo humlaza kifudifudi. Akiona mikoko inamkabili na hawezi kuikwepa, ageuke aiendee kwa kifua na kujitahidi kupanda juu ya matawi, asikubali kuingizwa chini.

Walio ufuoni wasiruke. Ni uchungu kusema hivyo kwa ndugu anayemwona ndugu yake, lakini mara nyingi wanaokufa ni wawili, na wa pili ni yule aliyeruka. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko na kufungwa kamba unaweza kumbeba mtu majini, na upo kila nyumba. Utupwe huo. Kila mtumbwi wa abiria uwe na mmoja na kamba yake, juu ya majaketi ambayo ni lazima yavaliwe, siyo kukaliwa. Anayebeba abiria anatakiwa pia kuwa na leseni ya chombo kutoka KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa majini.

Maji ya mafuriko yamepita kwenye vyoo na majaa kabla ya kufika Tudor. Hata asiyezama anaweza kurudi na ugonjwa wa tumbo. Mwenye kidonda asiingie, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya huyo samaki kuliwa.

Kwa anayelazimika kuvuka, mgonjwa au mama mjamzito, ushauri ni tofauti kidogo. Haulizwi kama apendavyo. Anaulizwa kama kuna njia nyingine, hata ndefu. Barabara ya kuzunguka ya saa mbili ni bora kuliko mtumbwi wa dakika kumi. Ikiwa kweli hakuna, asubiri saa maji yanapotulia kati ya kujaa na kupwa, avushwe na chombo kikubwa kilichopo, kisichojaa, na apigiwe simu Msalaba Mwekundu kwanza.

Kila chombo kinachoondoka, hata siku njema, kiache neno nchi kavu kwa mtu mmoja aliye macho: watu wangapi, wamevaa nini, wanakwenda wapi, watarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita kwa nusu saa bila habari, mtu huyo asingoje wala asiende kuwatafuta kwa mtumbwi wa pili. Apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, aseme jina la ufuo, idadi ya watu na upande maji yanakoelekea. Mombasa ina kituo cha kuratibu uokoaji majini tangu 2006, na Walinzi wa Pwani wana boti. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba wapo watu 8, walitoka Junda saa moja, na maji yanapwa.